Mgonjwa wa Leo na Mgonjwa wa Kesho

Yako maswali ambayo mtu mwenye afya huyapita kama msafiri aliyejaza kiriba chake apitavyo kisima. Hukiona, lakini hasimami. Siku kiriba kitakapokuwa kitupu ndipo atakapoikumbuka njia, na pengine siku hiyo hatakuwa na nguvu za kurudi. Heri kusimama mapema. Swali ninalotaka tulisimamie, msomaji wangu, ni hili: Je, ni haki kumwomba mgonjwa wa leo auingize mwili wake katika utafiti wa tiba, ili mgonjwa wa kesho apate kupona? Na kama ni haki, ni haki kwa masharti gani?

Nitalipima swali hili kwa maradhi mawili tu, yaani kiharusi na maradhi ya uti wa mgongo. Sababu ya kuyachagua ni hii. Mtu anapoombwa jambo, uhuru wake hukaa mahali pawili: katika ulimi uwezao kusema ndiyo au la, na katika miguu iwezayo kuondoka endapo hapendi. Kiharusi mara nyingi huufunga ulimi. Ugonjwa wa uti wa mgongo huweza kuifunga miguu. Basi tukijua haki ya watu hawa wawili ni ipi, haki ya wagonjwa wengine haitatushinda kuijua.

Na tuanze mbali na miji. Biliqo ni makazi ya wafugaji katika kaunti ya Isiolo, kaskazini ya Kenya, upande wa Merti, katika nchi kavu inayopitiwa na mto Ewaso Nyiro. Wenyeji wake wengi ni Waborana. Mali yao ni ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo, na elimu yao kubwa ni elimu ya nyasi na maji. Fikiri juu ya mzee mmoja wa mahali kama hapo. Alfajiri ameamka kwenda kuwatazama ng'ombe wakifunguliwa. Kikombe cha chai kinamponyoka. Mdomo wake umekwenda upande; mkono wa kuume na mguu wa kuume havimtii tena. Anataka kumwita mwanawe. Sauti inatoka, lakini jina halitoki. Watu wa nyumbani wanamzunguka. Mmoja adhani ni uchovu. Mwingine adhani ni jicho la hasidi. Wa tatu adhani mzee amekwisha kufa akilini kwa sababu hajibu. Wote watatu wamekosea, na kosa la wa tatu ndilo kubwa kuliko yote, kama nitakavyoonyesha baadaye.

Mzee huyu amepigwa na kiharusi. Ubongo huishi kwa damu, na damu huufikia kwa mishipa kama vile maji yafikavyo shambani kwa mifereji. Kiharusi huja kwa njia mbili. Ama mshipa huzibwa na damu iliyoganda, na sehemu ya ubongo iliyokuwa ikinyweshwa na mshipa ule hufa kwa kiu. Ama mshipa hupasuka, na damu humwagika mahali isipotakiwa. Kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo hutawala upande wa kuume wa mwili, na kwa watu wengi sana ndio pia unaotawala usemi, mzee wetu amepoteza mkono, mguu na maneno kwa pigo moja. Kwa nje aina hizi mbili za kiharusi hufanana kama mapacha. Kwa ndani ni kinyume kabisa, na dawa inayoweza kumwokoa mgonjwa wa kwanza yaweza kumwua wa pili. Ndiyo maana tabibu hawezi kutoa dawa hiyo kabla ya kuupiga ubongo picha kwa mashine maalumu na kuona ni ipi kati ya mbili.

Dawa yenyewe ni ile inayeyusha damu iliyoganda. Faida yake ilithibitishwa mwaka 1995 na utafiti uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 624. Wote walikuwa wamepatwa na kiharusi cha mshipa kuzibwa, na wote walitibiwa kabla ya muda wa saa 3 kupita tangu kupatwa. Waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa dawa; nusu walipewa maji yaliyofanana nayo yasiyo na nguvu yoyote. Baada ya miezi 3 ilionekana kwamba waliopewa dawa walikuwa na nafasi ya kubaki bila ulemavu, au na ulemavu mdogo sana, iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 30 au zaidi. Lakini faida hiyo haikuja bure. Asilimia 6.4 ya waliopewa dawa walitokwa na damu ya kudhuru ndani ya ubongo, na miongoni mwa wenzao waliopatwa na hayo ni asilimia 0.6 tu. Mwaka 2008 utafiti mwingine, uliofanywa Ulaya, ulionyesha kwamba dawa yaweza kufaa hata kabla ya saa 4 na nusu kupita.

Sasa tazama, msomaji, jinsi maarifa hayo yalivyopatikana. Hayakuokotwa kitabuni. Yalitoka katika miili ya watu waliokubali, wao au jamaa zao, kuingia katika kura bila kujua watakuwa upande gani. Wako waliopata dawa wakainuka. Wako waliopata dawa wakadhurika. Wako waliopata maji matupu, nao wangaliweza kuinuka lau kura ingalikwenda upande mwingine. Kila tabibu anayetoa dawa ile leo kwa mkono usiotetemeka, anautumia mkopo uliotolewa na watu asiowajua majina.

Mtu aweza kuniuliza, "Kwa nini kura? Kwa nini tabibu asifuate hekima yake na huruma yake, akampa kila mgonjwa kile aonacho kuwa bora?" Ni swali zuri, na kulijibu kwataka tuuache ubongo kwa muda tushuke kwenye mgongo.

Kifua kikuu, licha ya jina lake, hakikai kifuani tu. Vijidudu vyake huweza kusafiri kwa damu vikaingia katika pingili za uti wa mgongo na kuzila. Pingili huporomoka, mgongo huota kibiongo, na endapo uboho wa mishipa ya fahamu uliomo ndani ya uti utabanwa, miguu hupooza. Tabibu Percivall Pott wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, na mpaka leo huitwa kwa jina lake. Kwa miaka mingi waganga waliamini kwamba mgongo uliooza lazima ulazwe. Wagonjwa, wengi wao watoto, walilazwa kitandani miezi mingi, hata miaka, au wakavishwa fulana ngumu ya plasta kifuani na mgongoni. Waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya. Walifanya kwa huruma, na jambo lenyewe lilielekea kuwa la akili: kilichovunjika kipumzishwe.

Katika miaka ya 1960, wakati dawa za kuua vijidudu vya kifua kikuu zilikuwa zimekwisha kupatikana, watafiti walithubutu kuuliza kama kulala huko kulikuwa na faida. Huko Masan, katika Korea Kusini, wagonjwa waligawanywa kwa kura: wengine walilazwa hospitali miezi 6, wengine walikwenda zao nyumbani wakitembea na kumeza dawa zile zile. Huko Pusan, katika nchi hiyo hiyo, watoto wengine walivishwa plasta na wengine hawakuvishwa. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1973, ilionekana kwamba kitanda hakikuongeza kitu, wala plasta haikuongeza kitu. Kilichoponya ni dawa. Miezi yote ile ambayo watoto wa vizazi vilivyotangulia waliitumia kutazama dari ilikuwa, kwa mgonjwa mwenye dawa, adhabu isiyo na kosa. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tabibu hakukilalia kitanda kile. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kwake kukiamuru.

Huo ni mfano wa huruma iliyopoteza muda. Uko na mfano wa huruma iliyopoteza roho. Kwa miongo kadhaa matabibu wengi waliwapa watu walioumia kichwani dawa za aina ya steroidi, wakitumaini kupunguza uvimbe wa ubongo. Mwaka 2004 yalitolewa matokeo ya utafiti uliowahusu watu 10,008 katika nchi nyingi. Miongoni mwa waliopewa dawa hizo, asilimia 21.1 walikufa katika wiki mbili. Miongoni mwa wasiopewa, asilimia 17.9. Mkono uliotaka kuokoa ulikuwa ukisukuma. Hapana aliyejua, kwa sababu mtu mmoja akifa mbele ya tabibu mmoja, tabibu husema kwamba jeraha lilikuwa kubwa. Ni hesabu ya wengi tu, iliyogawanywa kwa kura isiyo na upendeleo, iliyoweza kuusema ukweli.

Kwa hiyo jibu la swali la kura ni hili: huruma peke yake haitoshi. Huruma isiyopimwa ni kama kiongozi wa msafara mwenye moyo mwema asiyeijua njia. Watu watamfuata kwa mapenzi, na watakufa kwa kiu pamoja naye.

Wala usidhani kwamba mambo haya ni ya Korea na Ulaya tu. Mwaka 1970 ulianza katika Afrika ya Mashariki utafiti uliokuja kubadili matibabu ya kifua kikuu duniani. Wakati huo mgonjwa alitakiwa kumeza dawa miezi 18. Wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waligawanywa kwa kura katika makundi, na baadhi yao walipewa dawa za miezi 6 tu zilizochanganywa kwa namna mbalimbali. Ilithibitika kwamba mchanganyiko ulio bora uliponya kwa miezi 6 karibu sawa na miezi 18 ya desturi. Lakini lilikuwako pia kundi lililopewa dawa mbili pasipo ile ya tatu, na katika kundi hilo waliorudiwa na ugonjwa walikuwa wengi zaidi kuliko wenzao. Watu hao wasisahauliwe. Bila ya kurudiwa kwao isingalijulikana kwamba dawa ya tatu ilikuwa ya lazima. Wao walichimba upande wa kisima usiokuwa na maji, ili sisi tujue upande wenye maji ni upi.

Faida ya kazi ile iliwafikia mpaka watu wa nchi kavu. Kuanzia mwaka 1976, huko Wajir, Mtaliano mmoja, Annalena Tonelli, alisimamia matibabu ya kifua kikuu miongoni mwa wafugaji wanaohamahama. Wagonjwa walijenga vibanda vyao mahali pa wazi karibu na kituo, wakakaa pamoja, wakameza dawa wakitazamwa mpaka muda wao ukatimia. Mfugaji aweza kuuazima muda wa miezi 6 kutoka kwa mifugo yake. Miezi 18 ingalimfilisi. Hivyo mgonjwa aliyeingia katika kura mwaka 1970 alimfaa mgonjwa wa manyatta ambaye hakupata kumwona kamwe.

Kama ndivyo, je, tuseme kwamba kila mgonjwa analo deni la kuingia katika utafiti? Hapa yapasa tuende kwa uangalifu.

Waborana wa Isiolo wanalo jambo linaloweza kutufundisha. Wazee wa dedha, yaani wasimamizi wa malisho, huigawa nchi: hapa patalishwa wakati wa mvua, pale wakati wa kiangazi, na mahali fulani paachwe kabisa mpaka ukame mkali uje. Mtu huwapitisha ng'ombe wake wenye njaa kando ya nyasi nzuri, wala hawaingizi. Hujinyima leo kwa ajili ya kesho, na kesho yenyewe huenda ikawa ya ng'ombe wa mtu mwingine. Hakuna anayemwita mtu huyo mpumbavu. Kinyume chake, avunjaye sheria ya malisho ndiye anayeonekana hana adabu. Mfano huu watuonyesha kwamba kuwafikiria watu wa kesho ni wajibu wa kale, uliojulikana kabla ya hospitali kujengwa.

Lakini mfano una mpaka wake, na asiyeuona mpaka ataanguka shimoni. Nyasi haziumwi. Mtu huumwa. Baraza laweza kuamua juu ya nyasi kwa sababu nyasi ni za wote. Mwili wa mtu si wa wote. Walipatikana watu waliousahau mpaka huu. Huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, kuanzia mwaka 1932 mpaka 1972, wanaume weusi maskini 399 waliokuwa na kaswende walitazamwa miaka 40 ili ijulikane ugonjwa huendaje usipotibiwa. Waliambiwa kwamba wanatibiwa "damu mbaya". Penisilini ilipojulikana kuwa ni dawa ya ugonjwa ule, katika miaka ya 1940, hawakupewa. Watafiti wale walisema kwamba wanatafuta maarifa kwa faida ya watu wa kesho. Maneno yao yalikuwa yale yale niliyoyatumia mimi katika insha hii. Basi maneno mazuri hayatoshi kumlinda mgonjwa, kama huruma isivyotosha. Yatakiwa masharti. Masharti hayo yameandikwa huko Nuremberg mwaka 1947 na katika tamko la Helsinki la mwaka 1964, na mimi nayakusanya katika matatu.

Sharti la kwanza ni kwamba shaka iwe ya kweli. Kura ni haki pale tu ambapo wenye elimu, baada ya kutafuta kwa bidii, hawajui ni njia ipi iliyo bora. Mtu akijua njia bora ni ipi halafu akampa mwenziwe iliyo mbaya ili aone atakavyokufa, huyo hatafuti maarifa. Anatenda jinai akiwa na kalamu mkononi. Huko Masan shaka ilikuwa ya kweli. Huko Tuskegee, tangu penisilini ilipopatikana, haikuwako tena.

Sharti la pili ni ridhaa ya mgonjwa, na hapa twarudi kwa mzee wetu wa Biliqo. Tuseme amefikishwa hospitali, na mtafiti anataka kumwingiza katika utafiti. Nani atasema ndiyo? Mzee hawezi kusema. Mwanawe yuko, wazee wa kijiji wako. Wengine watasema kwamba wazee wakikubali yatosha. Mimi nasema haitoshi. Wazee waweza kumfungulia mtafiti lango la kijiji. Hawawezi kumfungulia mlango wa mwili wa mtu mwingine. Mwana ana haki kubwa zaidi, lakini hata yeye haulizwi, "Wewe wapenda nini?" Huulizwa, "Baba yako, kwa jinsi unavyomjua, angalipenda nini?" Tofauti ya maswali hayo mawili ni ndogo kwa maneno, nayo ni kubwa kama tofauti ya mlinzi na mwenye mali.

Kisha likumbukwe lile kosa la mtu wa tatu niliyemtaja mwanzo, aliyedhani kwamba asiyesema hana akili. Kiharusi chaweza kuyaiba maneno kikaiacha akili mahali pake. Mzee huenda anasikia, anaelewa, na anaona aibu kujadiliwa kama mzigo. Basi na aulizwe yeye mwenyewe, polepole, kwa Kiborana, kwa lugha anayoitumia kubembeleza na kugombana, na aachwe ajibu kwa jicho au kwa kubana kidole cha mkono ulio mzima. Na maneno yakimrudia baada ya siku au wiki, aulizwe upya. Ridhaa iliyotolewa na mwana ni ya kuazima. Mwenyewe akirudi, arudishiwe.

Mgonjwa wa uti wa mgongo ulimi wake ni mzima, lakini ana shida ya namna nyingine. Fikiri kijana aliyeanguka kutoka juu ya lori akavunjika mgongo. Amelala, hawezi kujigeuza. Wauguzi humgeuza mara kwa mara, mchana na usiku, ili ngozi yake isioze. Mtu yule yule anayemgeuza, anayemlisha, anayemletea maji, ndiye anayekuja na karatasi ya utafiti. Kijana atasema la kwa ujasiri gani? Ndiyo ya mtu asiyeweza kuondoka haijawa ndiyo kamili mpaka ahakikishiwe, kwa maneno na kwa matendo, kwamba la yake haitampunguzia hata kijiko kimoja cha uji. Anayekataa asichukiwe. Kukataa si choyo wala si ujinga. Ni haki, na thamani ya kukubali kwa wengine yatokana na uhuru wa huyu kukataa.

Sharti la tatu ni malipo ya deni. Sisemi malipo ya fedha. Nasema kwamba kilichopatikana kwa miili ya watu kirudi kwa watu wale. Kuanzia mwaka 2003 mpaka 2006 ulifanywa nchini Tanzania utafiti wa kuhesabu viharusi katika sehemu mbili: wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Watafiti hawakukaa hospitali kungoja wagonjwa, kwa sababu wengi hawafiki hospitali. Habari zilitafutwa mpaka vijijini na majumbani, na kwa waliokwisha kufa, jamaa zao waliulizwa jinsi mauti yalivyokuja. Viharusi 636 vilihesabiwa. Tofauti za umri zilipokwisha kusawazishwa, Hai ilionekana na viharusi vipatavyo 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000, na Dar es Salaam vipatavyo 316. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba kiharusi ni ugonjwa wa nchi tajiri. Hesabu ile iliisahihisha imani hiyo, na ikawapa watawala sababu ya kulifikiria shinikizo la damu, ambalo ndilo chanzo kikubwa cha viharusi.

Nautaja utafiti ule kwa sababu haukuhitaji kura wala dawa mpya. Ulihitaji miguu ya kutembea na masikio ya kusikiliza. Asiyehesabiwa hakumbukwi mali inapogawanywa. Mtafiti anayekwenda mbali na barabara ya lami, akabisha hodi, akasikiliza, kisha akarudi kuwaambia watu alichokiona, amelipa nusu ya deni. Nusu ya pili ni ya serikali na ya sisi wote. Maana itamfaa nini mzee wa Biliqo dawa inayotaka kutolewa kabla ya saa 4 na nusu, ikiwa mashine ya kupiga picha ya ubongo iko mwisho wa safari ndefu ya barabara ya vumbi, ambayo mvua ikinyesha huwa matope? Maarifa yaliyokopwa kwa wagonjwa na kuwekwa mahali wasipofika wagonjwa, ni sawa na kisima kilichochimbwa na wengi kisha kikatiwa kufuli na mmoja.

Sasa nakugeukia wewe, msomaji, ambaye mgongo wako umenyooka na ulimi wako ni mwepesi. Huenda ukawa tabibu. Basi jifunze kusema "sijui" bila aibu, maana neno hilo ndilo mwanzo wa utafiti wa haki. Huenda ukawa mtafiti. Basi usikubali kumwomba mtu jambo ambalo ungeona haya kumwomba mama yako. Huenda usiwe hata mmoja wa hao. Hata hivyo kazi yako ipo leo. Shinikizo la damu halipigi kelele. Hupimwa kwa dakika chache kwa mkanda wa mkononi, hata katika zahanati ndogo isiyo na mashine ya picha. Mshauri babu yako akapimwe, na akipewa dawa, mkumbushe kuimeza hata siku anayojiona mzima. Na siku utakapomwona mtu mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, na maneno yamechanganyika, usingoje kesho wala usibishane juu ya jicho la hasidi. Tafuta gari. Na njiani zungumza naye, kwa sababu huenda anakusikia.

Nimeuliza kama ni haki kumwomba mgonjwa wa leo kwa ajili ya mgonjwa wa kesho. Jibu langu ni kwamba ni haki kumwomba, si haki kumchukua. Ni haki kumwomba pale shaka ilipo ya kweli, anapoweza kukataa bila kupoteza kitu, na tunapokusudia kwa dhati kurudisha tutakachokipata. Hayo yakikosekana, hata maarifa yaliyo kweli yatakuwa mali ya wizi. Hayo yakitimia, mgonjwa aliyelala hawezi kusema wala kutembea aweza kufanya jambo ambalo wazima wengi hawalifanyi: aweza kumwachia mtu asiyemjua nyasi za akiba, kwa ajili ya kiangazi ambacho yeye mwenyewe huenda asikione.